Furu Waliopikwa kwa Samli ya Bibi Nkwimba

Macho ndiyo yaliyonitoa jikoni. Moshi wa kuni umeyala kidogo kidogo tangu nikiwa mwanamke kijana, na mwaka huu daktari aliponionyesha vidole vyake nikamwambia naona mkono tu, akasema basi, Mama Kulwa, kapumzike. Nimepumzika. Kupumzika nako ni kazi, hasa kwa mtu aliyezoea kuianza siku kwa kupuliza moto. Ndiyo maana nimemwomba binti yangu Doto, ambaye ni mwalimu, aandike haya ninayomwambia, ili nyinyi mliobaki katika jiko la hospitali pale Shinyanga, wewe Rebeka na wewe Tatu na wengine watakaokuja, msifikiri sufuria zile zilianza kuchemka siku mlipofika. Doto analalamika kwamba sentensi zangu ni ndefu. Ataziacha hivyo hivyo.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayaongezi ladha.

Mimi ni Mzinza. Nilizaliwa kando ya ghuba ya Nungwe, katika nyumba ambayo kichanja cha kukaushia samaki kilikuwa karibu na mlango kuliko kitanda cha baba. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kupaa magamba ya sato, kumtumbua bila kupasua nyongo, na kumfungua mgongoni ili moshi umwingie vizuri. Alinifundisha kutunga furu kwenye vijiti. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwani, wafupi, wenye miba mingi kuliko nyama, na wakibanikwa polepole hukauka hadi wakalia kama majani makavu ukiwatikisa. Alinionya juu ya gogogo, ambaye mwiba wake unachoma hata akiwa amekufa, na alinichekesha na domodomo, mwenye mdomo mrefu kama wa mtu anayetaka kukunong'oneza umbeya.

Kamongo yeye mama alimgusa kwa kisu tu. Kamongo ni mrefu kama nyoka, anapanda juu kuvuta hewa kama sisi, na kiangazi kikikaza anajizika kwenye tope akasubiri mvua. Wanaume wa kwetu walimla kwa furaha. Lakini mama hakumla, bibi hakumla, na katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyemla wala aliyeuliza sababu. Nami sikuuliza na sikumla.

Nilifika Geita kwa ndoa. Mume wangu Malale alikuwa Msukuma, mchimbaji wa chini ya ardhi, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache. Vita vya Wazungu vilikuwa vinaendelea na sisi tulivisikia kwa mbali, kama ngoma ya kijiji kingine. Tulipata mapacha wetu, Kulwa na Doto, na kabla hawajajua kumwita baba yao vizuri kifua kilimshika. Vumbi la mwamba halitoki kwa kukohoa. Akalazwa katika hospitali ndogo ya wachimbaji, na mimi nikawa nawasha moto wangu nyuma ya jiko la hospitali, namchemshia kichwa cha sato chukuchuku, kwa chumvi tu, maana kitu kingine hakikupita kooni mwake.

Mpishi mkuu wa pale alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Kilwa, mwembamba, aliyevaa kofia ya kufuma na aproni aliyoishona mwenyewe kwa gunia la unga. Alikuwa akitoka mlangoni, ananitazama ninavyopika, anarudi ndani. Malale alipofariki, Mzee Salehe alikuja matangani, akakaa pamoja na wanaume, akaondoka. Matanga yalipokwisha akamtuma mtu kuniita.

"Mama Kulwa, pole tena," aliniambia. "Nimekuona ukimpikia marehemu. Hukuharakisha moto hata siku moja. Hapa nina watu wanaopika haraka, nao wananichosha. Ukitaka kazi, njoo kesho."

Nilitaka. Nilikuwa na watoto wawili na sufuria moja.

Siku ya kwanza alinipa kapu la furu wakavu na kung'uto. Kung'uto lile, kichujio cha ukindu, alikuwa amekuja nalo kutoka Kilwa kwa ajili ya kuchujia tui la nazi, na Geita nazi hazikuwepo hata za kuonyeshwa. Akaniambia niwachemshe furu hadi wavunjike, niwasukume kwenye kung'uto kwa mgongo wa upawa, ili miba ibaki juu na mchuzi mzito uteremke chini. Nilisukuma asubuhi nzima. Alipokuja aliingiza mkono ndani ya mchuzi, akausugua kati ya vidole, akatoa mwiba mdogo kama unywele.

"Huu ungemkaba nani?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Rudia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Na nyinyi mnaolalamika kwamba nilikuwa nawarudisha kwenye kung'uto, sasa mmejua nilikopata tabia hiyo.

Kupikia wachimbaji wagonjwa kulikuwa na ugumu ambao sikuutarajia. Watu walikuwa wamekuja kutoka kila upande wa nchi, na kila mmoja alikuja na mdomo wake. Wakatoliki waliulizia samaki siku ya Ijumaa hata kama siku nyingine hawakumtaka. Wengine kwa dini yao hawakula samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare na gogogo hawakuingia katika sufuria yao. Watu wa Bukoba walitaka ndizi chini ya samaki, Wasumbwa walitaka ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, na watu wa pwani walitaka nazi, na ukiwaambia hakuna walikuangalia kana kwamba umeificha. Mzee Salehe hakumcheka mtu yeyote kwa anachokula au asichokula. Aliweka sufuria mbali mbali, upawa mbali mbali, na ole wake atakayechanganya.

Udhaifu wake mwenyewe ulikuwa kaa na kamba na kila chenye gamba gumu. Alivitaja kama watu wengine wanavyotaja ndugu zao. Siku moja ya Jumapili akasema haiwezekani nchi yenye maji mengi hivi ikakosa hata kaa mmoja, akanichukua tukaenda kwenye kijito chini ya vilima, tukageuza mawe. Tulipata kaa wadogo, weusi, wenye hasira. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisimama kutuangalia, na mmoja akaniuliza kwa Kisukuma kama yule mzee ananiadhibu. Mzee Salehe aliwaponda kaa wale kwenye kinu, akachuja, akaunga mchuzi wao kwa tui la karanga badala ya nazi, pilipili kidogo na ndimu. Wagonjwa wa pwani walikula wakanyamaza, na jikoni hakuna sifa inayozidi hiyo. Mimi nilionja nikaona ni kitamu kweli. Akapata moyo, wiki iliyofuata akajaribu kome wa ziwani, wale ambao kwetu magamba yao tunayatumia kulainishia vyungu. Alichemsha kome wale tangu asubuhi. Walikuwa kama kutafuna kandambili. Alitafuna mmoja hadi mwisho kwa heshima ya kwao, kisha hakuwataja tena.

Sasa nifike kwenye jambo la kamongo.

Kamongo nilimpika, kwa sababu wanaume wengi walimpenda na daktari alisema anatia nguvu. Nilimpika kwa pua. Mzee Salehe ndiye aliyeonja chumvi. Watu wote jikoni walijua, na wengi waliona ni jambo la kawaida. Lakini palikuwa na Masanja, mpasua kuni, kijana mkubwa mwenye utani usiokwisha, aliyeona ni la kuchekesha. Mchana mmoja alichambua nyama ya kamongo, akaichanganya na sato kwenye sahani yangu, akawakonyeza wenzake. Nikala. Nikiwa katikati ya kula nikaona wananitazama.

"Tamu?" Masanja akauliza.

"Tamu."

Wakaangua kicheko, ndipo akaniambia.

Nilitoka nje nikasukutua mdomo kwa maji ya majivu. Watu wanafikiri nilisikia kichefuchefu. Hapana. Nilijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mama yake ametolewa nje na vitu vyake, na waliomtoa wamekaa ndani wanacheka. Nililia hadi kanga ikalowa.

Mzee Salehe hakupiga kelele. Alimwita Masanja mbele yetu sote.

"Masanja," alisema, "mimi kila siku nakula chakula kilichopita mikononi mwenu bila kuuliza. Kuanzia leo nitakulaje bila kuuliza?"

Tangu hapo akawa anajipikia mwenyewe kwenye jiko lake dogo la mafiga pembeni, chakula chake peke yake, na akala huku ametugeuzia mgongo. Jiko zima liliona aibu. Masanja alivumilia, akavumilia, kisha akaja kwangu na mzigo wa kuni alizozipasua nyembamba, akauweka chini.

"Mama Kulwa, nilifanya ujinga," akasema. "Nisamehe. Na yule mzee mwambie arudi kula nasi. Siwezi tena kuuona ule mgongo."

Nikamsamehe. Mzee Salehe akarudi kula nasi. Masanja akaendelea na utani, lakini wa maneno tu, si wa chakula.

Baada ya vita nilihamia Shinyanga. Hospitali ya huko ilitaka mpishi mwanamke kwa wodi ya akina mama na watoto, na Mzee Salehe, ambaye alikuwa anajiandaa kurudi Kilwa, alinisukuma niende, akanipa na kung'uto lake. Nilisafiri kwa lori, kwa pantoni, na mwisho kwa treni kutoka Mwanza, na watoto wangu wawili wakitapika kwa zamu.

Mtu wa ziwani akifika Shinyanga anatafuta maji kwa macho na hayaoni. Nchi ni tambarare, nyeupe wakati wa kiangazi, na miti yake ina miiba. Samaki wetu walikuja kwa treni wakiwa wakavu, katika matenga, na wakati wa masika watu walileta kambare kutoka madimbwini. Ilibidi nijifunze upya. Huko nilijifunza ukwaju, ambao umejaa tele, na ambao unafanya kazi kwenye samaki mkavu kuliko ndimu. Nawarudia hapa kwa sababu Tatu husahau: furu mkavu umwagie maji ya vuguvugu, si ya moto, maana ya moto yanamfunga uchungu ndani. Umwage maji hayo. Umsugue kwa ukwaju uliolowekwa, umsuuze, ndipo umchemshe na kumchuja. Karanga zitiwe mwisho, moto ukiwa mdogo. Ukiunga na mlenda, mlenda usizidi, usije ukapikia watu gundi.

Kazi ilienda vizuri hadi mwaka ule mvua zilipokataa. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Mtama ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Ng'ombe walianza kulala chini na kutoamka, na njia za kuja mjini zikawa na harufu. Watu wa ndani kabisa, wafugaji ambao hawakuwahi kumwomba mtu kitu, walikuja wakakaa kwenye uwanja wa hospitali na watoto wao. Watoto wale walikuwa wamevimba miguu, nywele zao zimegeuka rangi ya vumbi, na nyuso zao zilikuwa za wazee. Maziwa ya kopo yaliyoletwa yaliwatosha wachanga tu, tena kwa shida. Tulichokuwa nacho cha kuwajenga wakubwa wao kilikuwa samaki mkavu.

Miongoni mwao alikuja Bibi Nkwimba na mjukuu wake Limi. Bibi alikuwa mrefu, amenyooka, na bangili za shaba mkononi. Limi alikuwa wa umri wa kuanza kuota meno ya pili. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na baba yake alikuwa ameondoka na ng'ombe waliobaki kutafuta majani, wala hakuna aliyejua alipo. Mtoto alikunywa uji mwembamba na kukataa kila kitu kingine. Nilipopeleka furu wodini, Bibi Nkwimba aligeuza uso ukutani, na Limi, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi, naye akageuza uso wake ukutani.

Tulikuwa na mganga msaidizi, Bwana Yakobo, mtu mwema aliyechoka. Wiki ile alikuwa amefunika maiti za watoto kwa mikono yake. Alinifuata jikoni.

"Mama Kulwa, yule mtoto asipopata kitu chenye nguvu, tutampoteza. Saga furu wawe unga, utie kwenye uji wake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama Kulwa, tafadhali."

"Na bibi yake akijua, hawatameza tena chochote kinachotoka humu. Wala uji."

"Na asipokula?"

Nikamwomba aniachie hadi jioni. Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Jioni basi," akasema. "Lakini uende sasa hivi."

Nilivua aproni nikaenda. Nilimkuta Bibi Nkwimba amekaa kwenye kivuli cha ukuta, Limi amelala mapajani mwake. Nikakaa chini mbele yake.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma cha mume wangu, nikimwita mama.

Akaitika. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye ile harufu?"

"Mimi ndiye."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Mayu," nikamwambia, "nimeambiwa nimfiche mtoto samaki ndani ya uji. Nimekataa. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

"Umekataa kwa nini?"

Nikamwambia habari ya kamongo, yote, na Masanja na maji ya majivu. Nilipofika mahali pa samaki anayevuta hewa na kujizika kwenye tope, alinikatiza.

"Anajizika mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mvua ikinyesha anatoka."

"Hata mimi nisingemla," akasema, na akacheka kidogo, kicheko kikavu, na Limi akafumbua macho kumtazama. Nadhani alikuwa hajakisikia siku nyingi.

Halafu akaanza kusema, polepole, huku akimpangusa mtoto paji la uso. Alisema mume wake alikuwa na ng'ombe ambao ukisimama mlangoni huoni mwisho wao. Watu wasio na ng'ombe walikuja kwao kuomba maziwa, wakiwa wamebeba samaki kutoka ziwani, na wenye ng'ombe waliwapa maziwa na kuwaambia wabaki na samaki wao nje ya ua. "Hatukuwadharau," alisema. "Lakini kila mtu na chake. Sasa huyu akila samaki, maana yake sisi hatuna tena."

Jibu nililokuwa nalo halikufaa kusemwa na mtu aliyeshiba.

"Hatuna tena," akasema mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Baadaye akataka aonyeshwe hao samaki wenyewe, si mchuzi. Nilimletea kijiti kimoja cha furu. Aliwageuza mkononi, akawanusa, akakunja pua, akawageuza tena.

"Wanakula nini hawa?"

"Wengi wanakula ukoga unaoota kwenye mawe, majini. Wanautafuna kama majani."

"Majani?"

"Majani ya majini, ndiyo."

Aliwatazama tena kwa muda. "Kwa hiyo nao wanachunga," akasema.

Akaingiza mkono chini ya nguo zake akatoa kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi. Alipokifungua nilisikia harufu ya samli. Ilikuwa ya ng'ombe wao wa mwisho kukamuliwa. Bibi alikuwa anamtunzia Limi, apakwe siku atakayoolewa, na alikuwa ametembea nayo njia yote ile bila kuigusa, akiwa na njaa.

"Mpikie kwa hii," akasema.

"Mayu, hii ni ya harusi yake."

"Asipofika huko nitampaka nani?"

Aliweka masharti, nami nikayakubali. Nisipikie ndani. Chungu kiwe kipya. Mtoto atumie bakuli la hospitali, si kibakuli chao. Na yeye awepo, aone kila kinachoingia. Basi nikawasha moto uwanjani. Nikawachemsha furu, nikawachuja kwenye kung'uto la Mzee Salehe, na nilirudia kuchuja kuliko nilivyowahi kurudia maishani mwangu. Nikaiweka samli chunguni hadi povu lake likatulia. Harufu ya ng'ombe ikaenea uwanja mzima, na wanawake waliokuwa wamelala kwenye mikeka wakainua vichwa. Nikatia samaki, maji, chumvi, na mlenda kiasi cha kuvuta tonge.

Limi alinusa. Akamtazama bibi yake, akisubiri ageuze uso ili naye ageuze. Bibi Nkwimba hakugeuza. Nilimwona anavyojikaza, mishipa ya shingo imesimama. Aliushika mkono wa mtoto, akaushusha kwenye bakuli.

"Kula," akamwambia. "Ni samli ya kwetu."

Akala. Si kingi, matonge madogo ya kidole, lakini akayameza, yakabaki tumboni, akalala. Bwana Yakobo alipita wakati huo, akasimama, akakwangua chungu kwa kidole na kukilamba. Akaniambia kesho nipike kingi zaidi, kisha akaenda nyuma ya ukuta, akakaa huko peke yake kwa muda.

Siku iliyofuata Limi aliomba mwenyewe. Samli ilipokwisha, alikula furu bila samli. Baadhi ya akina mama waliokuwa wamekataa walikuja na mabakuli yao, wengine hawakuja, nami sikuwafuata kwa ujanja. Hatukuwaokoa watoto wote. Wapo ambao niliwapikia asubuhi, na ilipofika jioni matandiko yao yalikuwa yamekunjwa, na nikiwa peke yangu jikoni nimewataja kwa majina yao. Lakini nywele za Limi zilianza kuota nyeusi kutoka chini, miguu ikapungua, na siku moja alinifuata jikoni kwa miguu yake kuniuliza kwa nini furu hawana kwato. Bibi yake hakuonja hata mara moja. Alikula ugali na mlenda, akakonda, akaishi.

Mvua ziliporudi, baba wa mtoto naye alirudi, kwa miguu, fimbo mkononi, hana hata ndama. Alisimama mlangoni mwa wodi akashindwa kuingia hadi Limi alipomwita. Wakaondoka wote watatu kurudi kwao upande wa Kishapu. Bibi Nkwimba aliniaga kwa kunishika mkono muda mrefu.

Miaka ilipita, na siku moja msichana mrefu mwenye mzigo kichwani alisimama mbele ya jiko. "Shikamoo, Mama Kulwa. Bibi anakuita, anasema njoo ukiwa na nafasi." Sikumtambua hadi alipotabasamu. Nilipopata likizo nikapanda lori la pamba nikaenda.

Walikuwa wamejenga upya. Nilipofika Limi alikuwa amepata kambare kutoka dimbwini, anampika nje ya ua, na Bibi Nkwimba alikuwa amehamisha kigoda chake upande ambako upepo unatoka. Alikuwa amezeeka sana, lakini amenyooka vile vile.

"Unaona ulichonifanyia," aliniambia akionyesha moshi kwa kidevu. "Kila masika."

"Nisamehe, mayu."

"Anapika vizuri?"

Nikaenda nikaonja, nikarudi. "Anapika vizuri."

"Hm," akasema, na nikaona amefurahi.

Tulikaa tukazungumza habari za watu walioondoka na watoto waliozaliwa. Jua lilipoanza kushuka na mimi nikilitazamia lori la kunirudisha, aliweka mkono wake gotini kwangu.

"Mama Kulwa, huko kwenu ziwani, samaki wakikosekana mnakula nini?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikafikiri. "Sijui, mayu. Hawajawahi kukosekana."

"Na kwetu ng'ombe walikuwa hawajawahi." Alinikazia macho kuona kama nimemwelewa. "Siku wakikosekana, mje hapa. Njoo na watu wako wote. Tutawakamulia."

Nilimshukuru kwa mikono miwili na kupiga goti, kama inavyopasa. Zizini mwake alikuwa na mtamba mmoja tu wa ng'ombe, na mtamba huyo alikuwa bado hajazaa.